SOMO LA KUMI NA MBILI: WASTAAFU KATIKA KAMATI YA CHAMA CHA WAZEE

Katika masomo yaliyopita tumejifunza kusoma stakabadhi, kuandika muhtasari wa mkutano na kujumlisha mapato na matumizi. Leo tutatumia ujuzi huo katika jambo moja linalohusu vijiji vingi. Jambo lenyewe ni chama cha wazee, na wastaafu wanaojitolea kukiongoza.

Ukimaliza somo hili utaweza:
1. Kueleza kazi za kamati au bodi ya chama cha wazee.
2. Kueleza faida ya kuwa na wastaafu katika kamati hiyo.
3. Kusoma taarifa ya fedha ya mwezi na kuuliza swali pale isipoeleweka.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, litazame mwisho wa somo.

1. MSTAAFU NI NANI?

Mstaafu ni mtu aliyemaliza utumishi wake baada ya kufikia umri uliowekwa. Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, watumishi wengi wanaweza kustaafu kwa hiari wakifika miaka 55. Wakifika miaka 60 wanastaafu kwa lazima. Mstaafu hupewa barua, huagwa na wenzake, kisha hulipwa pensheni.

Mkulima hastaafu namna hiyo. Hakuna ofisi inayomwandikia barua kwamba kuanzia kesho asiende shambani. Magoti yake ndiyo yanayomwandikia barua. Tena wakulima wengi hawana pensheni. Mkulima akizeeka, anategemea watoto wake, shamba lake na majirani zake.

Sera ya Taifa ya Wazee iliyotolewa mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Kwa hesabu hiyo mwalimu mstaafu na mkulima wa miaka 60 wote ni wazee. Lakini hali zao si sawa. Mmoja ana pensheni, hata kama ni ndogo. Mwingine hana. Mmoja amezoea ofisi, barua na mikutano. Mwingine huenda anaogopa hata kuingia ofisini.

Watu hawa wawili wanapokutana katika chama kimoja, mambo mawili yanaweza kutokea. Mstaafu anaweza kuwa ngazi ya kuwapandisha wenzake. Au anaweza kuwa bwana mpya wa kuwatawala. Somo letu linahusu namna ya kupata lile la kwanza na kuepuka la pili.

2. CHAMA CHA WAZEE NA KAMATI YAKE

Chama cha wazee ni umoja wa hiari. Watu hujiunga ili kusaidiana. Hutembeleana wakiugua, huezekeana nyumba, hulima shamba la pamoja, na hupeleka shida zao kwa serikali kwa sauti moja. Chama hiki si duka. Fedha zikizidi, wanachama hawagawani faida. Fedha hizo hurudi katika kazi ya chama.

Chama kikitaka kusajiliwa kuwa shirika lisilo la kiserikali, kinafuata Sheria Namba 24 ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake. Waombaji hupeleka katiba yao. Hupeleka pia muhtasari wa mkutano wenye majina kamili na saini za waanzilishi. Huandika habari za viongozi wao na mahali ilipo ofisi. Baada ya kusajiliwa, shirika linatakiwa kutoa taarifa ya kazi zake kila mwaka. Mkitaka kusajili kikundi chenu, mwoneni kwanza Afisa Maendeleo ya Jamii. Yeye atawaeleza ni njia ipi inayokifaa kikundi chenu, kwa sababu vikundi vidogo haviandikishwi sawasawa na mashirika makubwa.

Katika shirika kubwa viongozi wanaosimamia kazi huitwa bodi. Katika kikundi cha kijiji huitwa kamati. Jina ni tofauti lakini kazi ni ile ile. Kazi kubwa za kamati ni nne:

Kwanza, kuonyesha njia. Kamati hupanga mwaka huu tufanye nini na tusifanye nini.
Pili, kulinda mali. Kamati huhakikisha kwamba fedha na vitu vya chama vinatumika kwa kazi iliyokusudiwa.
Tatu, kusimamia watendaji. Kama chama kina katibu au mlinzi anayelipwa, kamati humpa kazi na kumpima.
Nne, kutoa taarifa. Kamati huwaeleza wanachama yote yaliyofanyika.

Wajumbe wa kamati hufanya kazi hizi kwa kujitolea. Hawalipwi mshahara. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini kumbuka neno hili: mtu anayejitolea ametoa nguvu zake, hakununua chama.

3. UJUZI AMBAO MSTAAFU HULETA

Wahenga walisema, jungu kuu halikosi ukoko. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 hawezi kukosa cha kuwapa wenzake. Tutazame mifano.

Mwalimu mstaafu anajua kuandika barua na muhtasari. Anajua pia kufundisha. Anaweza kuwasaidia wanachama wasiojua kusoma wajifunze.

Muuguzi mstaafu anajua dalili za maradhi ya uzeeni, kama vile shinikizo la damu, kisukari na mtoto wa jicho. Anajua mgonjwa apelekwe wapi na mapema kiasi gani. Sera ya mwaka 2003 ilielekeza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na katika hospitali nyingi kuna dirisha la wazee. Lakini mzee asiyejua dirisha liko wapi wala karatasi gani inatakiwa, anaweza kurudi nyumbani bila dawa. Muuguzi mstaafu anayajua hayo.

Mhasibu au karani mstaafu anajua kutunza vitabu vya fedha. Anajua pia kwamba fedha za chama zikae benki, na kwamba hundi isitiwe saini na mtu mmoja.

Bwana shamba mstaafu anajua mbegu, mbolea na mifugo. Shamba la chama likimpata yeye, wazee hawatalima kwa kubahatisha.

Karani wa mahakama mstaafu si wakili, lakini anajua njia ya kufuata. Bibi mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake, mtu huyu anajua aende baraza gani na kwa karatasi gani.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Ujuzi wote huu umelipiwa na wananchi. Kodi ya mkulima ndiyo iliyomsomesha mwalimu na muuguzi. Kwa hiyo mstaafu anapokitumikia chama cha wazee, analirudisha shambani jembe alilokopeshwa.

Lakini usisahau kwamba na wewe unao ujuzi. Mkulima anajua nani katika kitongoji analala njaa. Anajua ni bibi yupi anayelea wajukuu watano peke yake. Anajua njia ipi haipitiki wakati wa masika. Mambo hayo hayamo katika faili lolote. Kamati nzuri huchanganya ujuzi wa ofisini na ujuzi wa kitongojini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

4. WENGINE WALIFANYAJE?

Wastaafu kuwatumikia wazee wenzao si jambo la kijijini kwetu tu. Tutazame mifano miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali.

Zanzibar kuna Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar, inayojulikana kwa kifupi kama JUWAZA. Tazama jina lake. Wastaafu na wazee wametajwa pamoja. Wastaafu hawa hawakuishia kudai pensheni zao wenyewe. Jumuiya yao ilikuwa miongoni mwa waliotaka kila mzee alipwe, hata yule aliyekuwa mvuvi au mkulima maisha yake yote. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa wazee wote wenye umri wa miaka 70 au zaidi. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee hakuulizwa kama aliwahi kuajiriwa.

Mfano wa mbali unatoka Marekani. Huko aliishi mama mmoja aitwaye Ethel Percy Andrus. Alizaliwa mwaka 1884. Tangu mwaka 1916 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari katika mji wa Los Angeles, akastaafu mwaka 1944. Inasimuliwa kwamba siku moja alikwenda kumtazama mwalimu mwenzake aliyestaafu, akamkuta anaishi katika banda la kuku. Pensheni yake haikutosha kupanga nyumba, wala kumlipa daktari.

Mama huyo hakusema, "Mimi nimemaliza kazi." Mwaka 1947 alianzisha chama cha walimu wastaafu. Shida yao kubwa ilikuwa bima ya matibabu, kwa sababu makampuni ya bima hayakutaka kuwapokea wazee. Yalikataa mengi, mpaka mwaka 1956 moja likakubali. Ndipo wazee wengine ambao hawakuwa walimu wakauliza, "Na sisi je?" Mwaka 1958 akaanzisha chama kipana zaidi, kinachoitwa AARP. Alifariki mwaka 1967. Leo chama hicho kina mamilioni ya wanachama.

Lakini hadithi hii ina upande wa pili, na ni vizuri tuujue. Mwaka 1978 kipindi kimoja cha televisheni huko Marekani kiliuliza hadharani: Je, chama hiki kinawatumikia wazee, au kinaitumikia kampuni inayowauzia wazee bima? Swali hilo liliwauma viongozi. Hata hivyo lilisaidia, kwa kuwa baadaye chama kiliachana na kampuni ile na kutafuta nyingine.

Tunajifunza nini? Chama kinaweza kuanzishwa na watu wema kwa nia njema. Hata hivyo lazima awepo mtu wa kuuliza: Nani anafaidika?

5. SHILINGI 60,000 ZA NAULI

Sasa tuchukue mfano wa kijiji. Tuseme kuna chama cha wazee chenye wanachama 45. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kamati ina wajumbe saba. Watatu ni wastaafu: mwalimu ambaye ni mwenyekiti, muuguzi, na mhasibu ambaye ni mweka hazina. Wanne ni wakulima.

Siku ya mkutano mweka hazina alibandika ukutani taarifa hii:

TAARIFA YA FEDHA YA MWEZI

Mapato
Baki ya mwezi uliopita: Sh. 214,000
Ada za wanachama 38: Sh. 76,000
Mauzo ya mahindi ya shamba la chama: Sh. 150,000
Jumla ya mapato: Sh. 440,000

Matumizi
Bati 4 za nyumba ya mjane: Sh. 128,000
Misumari: Sh. 7,000
Nauli: Sh. 60,000
Daftari na kalamu: Sh. 5,000
Jumla ya matumizi: Sh. 200,000

Baki: Sh. 240,000

Mweka hazina akaisoma haraka haraka. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akataka kuendelea na jambo lingine. Ndipo bibi mmoja wa miaka 74 aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. Bibi huyu alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, wakati taifa zima lilipoitwa darasani.

BIBI: Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza.

MWENYEKITI: Uliza, Mama.

BIBI: Nimesoma karatasi ile. Bati nimeziona, zipo juu ya nyumba. Misumari nimeiona. Daftari ninaliona mezani. Lakini hiyo nauli ya shilingi elfu sitini, alisafiri nani?

Watu wakanyamaza. Mweka hazina akakunja uso.

MWEKA HAZINA: Mama, shikamoo.

BIBI: Marahaba, mwanangu.

MWEKA HAZINA: Mama, mimi nimeshika fedha za serikali miaka thelathini na moja. Sikupungukiwa hata senti. Hapa silipwi kitu. Nakuja kwa baiskeli yangu, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Leo naulizwa habari ya nauli?

BIBI: Mwanangu, sikusema umeiba. Mungu anishuhudie. Nimeuliza alisafiri nani. Ada yangu ya mwezi huu niliipata kwa kuuza kuku. Nikifika nyumbani mjukuu wangu ataniuliza kuku amekwenda wapi. Nimjibu nini?

Mzee mmoja akasema bibi amemkosea heshima mtaalamu. Mwingine akasema waache wasomi wafanye kazi yao. Lakini muuguzi mstaafu akasimama.

MUUGUZI: Ndugu Mwenyekiti, mimi ninaijua nauli hiyo. Zilikuwa safari tatu za hospitali ya wilaya. Babu yetu wa kitongoji cha mtoni alipelekwa mara mbili kwa sababu ya macho. Mama yetu wa karibu na kisima alipelekwa mara moja, usiku. Kila safari ililipiwa shilingi elfu ishirini, kwenda na kurudi.

MWENYEKITI: Tatu mara elfu ishirini ni elfu sitini. Hesabu imekubali.

MWEKA HAZINA: Ndivyo ilivyokuwa. Wenye magari hawakutoa stakabadhi. Nami nikaona aibu kudai karatasi usiku wakati mgonjwa analia.

BIBI: Ahsante, mwanangu. Sasa nimejua. Hiyo nauli ni fahari yetu! Tumempeleka mgonjwa usiku akapona. Mbona mmeificha kwa neno moja?

Watu wakacheka, na mweka hazina naye akacheka.

Ndugu msomaji, tulipime jambo hili. Mweka hazina hakuwa mwizi. Alifanya kazi njema. Lakini daftari lake halikusema. Kama muuguzi asingekuwapo siku ile, nani angesema? Maneno yangeanza kisimani, yakafika kilabuni, yakaishia nyumbani kwake. Mtu mwema angevunjiwa heshima, na chama kingevunjika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hata daftari likiwapo, lisiposema wazi, jina la mtu linaweza kupotea bila kosa.

Kwa hiyo swali la bibi halikumvunjia heshima mweka hazina. Lilimlinda.

Mkutano ukaamua mambo matatu:
(a) Malipo yasiyo na stakabadhi yaandikwe katika hati ya malipo ya chama. Iandikwe tarehe, kiasi, kazi, jina la aliyelipwa na saini yake au alama ya dole gumba. Mashahidi wawili watie saini.
(b) Kila tumizi lielezwe kwa maneno kamili. Badala ya "Nauli" iandikwe "Nauli ya wagonjwa 2, safari 3 za hospitali ya wilaya, kila safari Sh. 20,000".
(c) Taarifa isomwe polepole, kisha wanachama waulizwe maswali kabla ya kupiga makofi.

6. MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa mstaafu anayejitolea

Usiifanye kamati kuwa ofisi yako ya zamani. Pale ulikuwa na vyeo na watu wa chini yako. Hapa una wenzako.

Sema lugha ambayo wote wanaielewa. Ukitumia neno la kitaalamu, lieleze. Mwanachama asiyeelewa hawezi kukubali wala kukataa. Anaitikia tu.

Kama chama kinataka kununua kitu katika duka lako au la ndugu yako, sema wazi, kisha utoke nje wenzako waamue bila wewe.

Mweke mtu kando yako umfundishe. Kama wewe ni mweka hazina, awepo mwanachama mmoja anayeandika pamoja nawe kila mwezi. Afya ya mzee ni kama jua la alasiri. Ukiugua ghafla na funguo zote unazo wewe, chama kitaugua pamoja nawe.

Kubali kuondoka muda wako ukiisha. Uliagwa vizuri kazini. Agwa vizuri na hapa.

Kwa wanachama

Usimwachie mstaafu kazi zote kwa sababu "yeye amesoma". Mzigo ukikaa kichwani kwa mtu mmoja, huvunja shingo yake.

Usidhani kwamba mwenye pensheni ana fedha nyingi. Akitumwa wilayani na chama, arudishiwe nauli yake kwa hati. Kujitolea ni kutoa muda na ujuzi. Si kuifilisi nyumba yako.

Uliza kwa adabu, lakini uliza. Anayeuliza mkutanini anajenga. Anayenong'ona njiani anabomoa.

Mchague mtu kwa tabia na kazi yake. Cheo alichokuwa nacho zamani hakitoshi. Wapo waliokuwa wakubwa ofisini lakini hawafiki mkutanoni. Tena wachagueni akina mama, kwa sababu bibi ndiye mara nyingi anayelea wajukuu na kuuguza wagonjwa.

Tarehe 1 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Wazee Duniani. Umoja wa Mataifa uliamua hivyo mwaka 1990, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Chama chenu kinaweza kuitumia siku hiyo kusoma taarifa ya mwaka mbele ya kijiji kizima. Ngoma zipigwe, lakini na daftari lifunguliwe.

7. MANENO MAPYA

Akidi: idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uweze kuamua.
Baki: fedha inayosalia baada ya matumizi.
Bodi: kikundi cha watu wanaosimamia shirika kwa niaba ya wenye shirika.
Hati ya malipo: karatasi inayoonyesha nani amelipwa, kiasi gani na kwa kazi gani.
Katiba: maandishi ya taratibu ambazo wanachama wamekubaliana.
Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari bila mshahara.
Mtendaji: mtu anayefanya kazi za kila siku za chama.
Mweka hazina: mjumbe anayetunza fedha za chama.
Pensheni: malipo anayopata mtu baada ya kustaafu au kufikia uzee.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha kwamba fedha imepokewa, risiti.

8. MASWALI

1. Watumishi wengi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima wakiwa na umri gani?
2. Taja kazi nne za kamati ya chama cha wazee.
3. Kwa nini wanachama hawagawani faida ya chama?
4. Pensheni ya wazee wote Zanzibar ilianza lini? Ilianza kulipwa kwa wenye umri gani?
5. Ethel Percy Andrus alikuwa na kazi gani kabla ya kustaafu? Ni jambo gani lililomfanya aanzishe chama?
6. Kwa nini bibi aliuliza habari ya nauli tu, wala hakuuliza habari ya bati?
7. Mweka hazina alikuwa na haki ya kukasirika? Toa sababu zako.
8. Eleza maana ya methali hii: Mali bila daftari hupotea bila habari.

9. ZOEZI LA HESABU

Chama kimoja kina wanachama 30. Ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwezi huu wanachama 24 walilipa. Baki ya mwezi uliopita ilikuwa shilingi 85,000. Chama kiliuza mayai kwa shilingi 36,000. Kilinunua mablanketi 3, kila moja kwa shilingi 18,000. Kililipa nauli ya mgonjwa shilingi 15,000 na sabuni shilingi 6,000.

(a) Jumla ya mapato pamoja na baki ya mwezi uliopita ni kiasi gani?
(b) Jumla ya matumizi ni kiasi gani?
(c) Baki iwe kiasi gani?
(d) Sanduku lilipofunguliwa, zilikutwa shilingi 64,000. Ni kiasi gani hakionekani?
(e) Andikeni maswali matatu ambayo mngemwuliza mweka hazina. Msimtaje mtu yeyote kuwa mwizi kabla ya kutazama karatasi zote.

10. KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu watano watano. Andikeni majina ya wastaafu waliopo katika kijiji chenu na kazi walizofanya. Kando ya kila jina andikeni jambo moja ambalo mtu huyo anaweza kuwafundisha wazee wenzake. Kisha andikeni jambo moja ambalo wazee wakulima wanaweza kumfundisha yeye.

Mkimaliza, andikeni barua fupi ya kumkaribisha mstaafu mmoja katika chama chenu. Katika barua hiyo mwelezeni mambo mawili: kwamba mnahitaji ujuzi wake, na kwamba kila mwezi taarifa ya fedha husomwa na maswali huulizwa. Mtu mwema atayapenda yote mawili.